Würzburg kwa miguu, baiskeli na boti: maswali mnayoniuliza kila mara

Kila msimu wa kiangazi ukikaribia simu yangu inajaa meseji za watu wanaotaka kuja huku, wengine wana ndugu Frankfurt, wengine wanakuja kozi, wengine wamesikia tu jina. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Mi sio mwongoza watalii, ni mkaaji tu ninayependa kutembea.

Würzburg ndo wapi hiyo? Mbona mi najua Munich na Berlin tu?

Ipo Ujerumani, jimbo la Bavaria, kule juu kaskazini mwa jimbo, eneo wanaloliita Franken, na watu wa huku ukiwaita Wabavaria wanakunja uso kidogo, wao ni Wafranken. Mji umekaa pande mbili za mto Main, una watu kama laki moja na thelathini hivi, yaani kwa vipimo vyetu ni mji mdogo tu. Na hapo ndo raha yake ilipo manake vitu vikubwa vyote unavifikia kwa miguu, huhitaji gari wala teksi.

Nafikaje?

Treni. Kutoka Frankfurt treni ya kasi ya ICE inachukua saa moja na dakika kidogo, kutoka Nürnberg haifiki saa moja, Munich kama masaa mawili. Kata tiketi mapema, ukinunua siku ileile bei inauma. Kama mko kikundi cha watu hadi 5 na mpo tayari kwenda polepole kuna Bayern-Ticket, moja mnapanda wote siku nzima treni za kawaida ndani ya Bavaria, ila siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi, sio kabla, na ICE humo haimo. Watu wengi wanakosea hapo, wanapanda ICE na tiketi ya treni za kawaida alafu wanashangaa kupigwa faini. Faini ya kupanda bila tiketi inaanzia euro 60 na kusema "mi mgeni" hakusaidii.

Siku ngapi zinatosha?

Kila mtu anakuja asubuhi anaondoka jioni, anapiga picha darajani na kwenye kasri basi. Mi nasema lala usiku mbili. Siku ya kwanza mjini, siku ya pili mtoni na milimani.

Nikishuka treni nianzie wapi?

Nenda moja kwa moja kwenye daraja la zamani, Alte Mainbrücke. Usianze na kasri, najua vitabu vyote vinaanza na kasri. Kutoka stesheni unatembea kama robo saa au dakika ishirini, au panda tramu ushuke Dom au Rathaus.

Daraja ni la mawe, hili lililopo walianza kulijenga miaka ya 1470 baada ya lile la kwanza kuharibika, na mpaka 1886 lilikuwa daraja pekee la mji mzima, fikiria. Pande zote mbili zimesimama sanamu 12 za watakatifu na wafalme, kubwa kuliko mtu mara mbili na zaidi. Mmoja wao ni Kilian, mmonaki kutoka Ireland aliyekuja kuhubiri huku akauawa karne ya 7 pamoja na wenzake wawili, sasa ndo mtakatifu wa mji na kila Julai wanafanya sherehe yake, misa kanisani na mabembea uwanjani.

Jioni daraja linajaa watu wamesimama tu na glasi za mvinyo mkononi. Hamna muziki, hamna viti, watu wamesimama darajani wanapiga stori wanaangalia jua linazama nyuma ya ngome ya Marienberg iliyo mlimani. Glasi unalipia dhamana kidogo unarudishiwa ukiirudisha. Mara ya kwanza niliona ajabu, nikajiuliza wanasubiri nini hawa, kumbe hawasubiri kitu.

Alafu angalia chini upande wa ngome, kuna lango la maji pale, zile meli ndefu za mizigo zinaingia, milango inafungwa, maji yanapanda au yanashuka, meli inatoka upande wa pili ikiwa usawa mwingine. Mi naweza kukaa hapo nusu saa nzima. Tangu 1992 mfereji wa kuunganisha Main na Danube ulipokamilika, meli inaweza kutoka Bahari ya Kaskazini ikapita hapa hadi Bahari Nyeusi bila kugusa bahari kuu.

Ni kweli Afrika ipo kwenye dari la kasri?

Kweli kabisa. Kasri linaitwa Residenz, lilijengwa kuanzia 1720 kwa ajili ya maaskofu waliokuwa pia watawala wa eneo hili, yaani mtu mmoja ndo askofu na ndo serikali. Msanifu mkuu ni Balthasar Neumann. Alijenga ngazi pana mno na juu yake dari la kuba lisilo na nguzo hata moja katikati, alafu akaletwa mchoraji kutoka Venice, Giovanni Battista Tiepolo, akalichora lote 1752 na 1753. Ukipanda ngazi polepole dari linafunguka kidogokidogo, kila hatua unaona kitu kipya, ndo walivyopanga.

Amechora mabara manne, manake enzi hizo ndo waliyokuwa wanayahesabu: Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Afrika ni mwanamke mweusi amekaa juu ya ngamia, kama malkia, kando yake wafanyabiashara, na kuna mbuni anavutwa manyoya na nyani. Amerika amepanda mamba. Ulaya yeye bila shaka amekaa kwenye kiti na sanaa zote zimemzunguka, haha. Tiepolo Afrika hajawahi kufika, alichora alichosikia. Mi nikipeleka wageni waliotoka nyumbani kwetu tunasimama pale tunabishana dakika kumi: ni heshima ile au ni dharau? Wewe nenda ukaamue mwenyewe.

Masaa: Aprili hadi Oktoba ni saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, miezi mingine saa nne mpaka saa kumi na nusu. Chini ya miaka 18 bure. Bustani ya nyuma, Hofgarten, ni bure kwa wote, kwa hiyo hata kama hela imekata nenda ukakae kule. Kasri liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981.

Mbona mji unaonekana wa kale ila nasikia uliteketea wote?

Uliteketea. Tarehe 16 Machi 1945 usiku, vita ikiwa karibu kuisha kabisa, ndege za Uingereza zilidondosha mabomu ya moto kwa muda wa kama dakika 20 tu, na karibu asilimia 90 ya mji wa kati ikaisha. Walikufa watu kama 5,000. Unayoyaona leo mengi yamejengwa upya, ndo maana ukiangalia kwa makini kuna nyumba zina sura ya kale lakini madirisha ya miaka ya hamsini.

Dari la Tiepolo lilipona, manake lile kuba la mawe la Neumann lilishikilia hata paa la juu lilipoungua na kuanguka. Ila lilibaki wazi kwa mvua, na ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, John Davis Skilton, ndo alihangaika kutafuta mbao akaezeka paa la muda. Chumba cha vioo cha kasri hilohilo chenyewe kiliharibika, mafundi wakakirudisha miaka ya 1979 hadi 1987.

Ukiwa hapa tarehe 16 Machi, saa tatu na dakika ishirini usiku kengele za makanisa yote zinalia pamoja kwa dakika ishirini, muda uleule. Zima simu, simama tu.

Ngome ya Marienberg: kupanda kwa miguu nitaweza?

Utaweza, ukitokea darajani ni kama dakika 20 mpaka 30 kutegemea na pumzi yako. Njia ipo ya ngazi na ipo ya kuzunguka kupitia kwenye mizabibu, mi napenda hii ya pili manake mwinuko ni wa taratibu na kila ukigeuka nyuma mji unazidi kutanuka. Kipindi cha joto kuna na basi linapanda kutokea mjini, kwa wazee au wenye magoti.

Maaskofu waliishi juu huko kuanzia 1253 mpaka 1719 ndo wakahamia mjini. 1525 wakulima waliasi wakaizingira ngome wakashindwa kuiteka, na mchongaji maarufu Tilman Riemenschneider, aliyekuwa mjumbe wa baraza la mji na alishawahi kuwa meya, alifungwa humo baadaye kwa sababu mji ulisimama upande wa wakulima. Kazi zake mnaziona kwenye makumbusho ya hukohuko juu, wale Adamu na Hawa halisi wapo humo, wanaosimama mlangoni kwenye kanisa la sokoni ni nakala. Sehemu za ngome ziko kwenye ukarabati wa muda mrefu, kwa hiyo usikasirike ukikuta mlango umefungwa, uwanja na mandhari ndo vimekupandisha.

Na lile kanisa dogo mlima wa pili?

Käppele. Ni la Neumann huyohuyo. Unapanda ngazi nyingi chini ya miti, na njiani kuna vituo vya njia ya msalaba vyenye sanamu za ukubwa wa mtu. Kwangu mimi hii ndo picha bora ya Würzburg manake unaiona ngome, ukiwa kwenye ngome huwezi kuiona ngome. Nenda asubuhi, jua liko mgongoni kwa ngome nyuma yako... hapana, nisikudanganye, nenda tu asubuhi, kunakuwa hamna watu.

Baiskeli je? Nitakodi wapi na niende wapi?

Maduka ya kukodi yapo, na karibu na stesheni pia. Kabla hujaondoka jaribu breki, zote mbili, na taa. Mi siku moja nilikodi duka fulani sikukagua, nikafika kwenye mteremko nikagundua breki ya nyuma ni pambo, nikasimama kwa viatu. Soli ziliisha siku hiyo.

Njia yenyewe inaitwa Mainradweg, inafuata mto kama kilomita 600 kutoka chanzo mpaka Mainz unapoingia Rhine. Chama cha waendesha baiskeli cha Ujerumani, ADFC, kiliipa nyota 5 na ilikuwa ya kwanza nchini kuzipata. Ni tambarare, lami karibu yote, hamna magari. Hata kama mara ya mwisho kupanda baiskeli ulikuwa darasa la saba unaweza.

Ninayowashauri wageni ni kwenda juu ya mto hadi Ochsenfurt, kama kilomita 20. Unapita Randersacker, Eibelstadt, alafu Sommerhausen ambako kijiji kizima bado kimezungukwa na ukuta na lango lake lina mnara, hapo simama unywe kitu. Ochsenfurt unakula, unapanda treni kurudi, kama robo saa hivi uko Würzburg. Baiskeli inalipiwa tiketi yake kwenye treni, usisahau. Usiende na upepo wa mbele ukiwa umechoka, ndo sababu nasema rudi na treni.

Halafu sheria: kaa kulia, ukikunja onyesha mkono, usiku taa iwake, na ukilewa polisi wanakukamata hata kama ni baiskeli. Usicheke, nimeona.

Boti zipo?

Zipo, kuanzia karibu na Pasaka mpaka Oktoba. Zinaondokea Alter Kranen, pale kwenye kreni ya mawe ya zamani ya karne ya 18 ya kupakulia mizigo. Safari ya kawaida ni mpaka Veitshöchheim, dakika 40 na kitu. Huko kuna bustani ya maaskofu ya wakati wa kiangazi, imejaa sanamu za mawe za kuchekesha, miti imekatwa kama kuta, na bwawa lenye farasi mwenye mabawa katikati. Kuingia bustanini bure. Nenda na boti, rudi na baiskeli au treni, au geuza.

Naweza kuogelea mtoni?

Watu wanaogelea ila mi sikushauri. Main hapa ni njia ya meli, kuna mkondo, na karibu na madaraja na malango ya maji ni marufuku. Wewe uliyekulia ziwani usijidanganye kwamba mto ni ziwa. Kuna bwawa la wazi la Dallenbergbad, watoto watafurahi. Kama unataka tu mchanga miguuni kuna sehemu wamemwaga mchanga kando ya mto wakaweka viti, unakaa na juisi yako kama upo ufukweni.

Sinywi pombe. Mashamba ya zabibu yana maana kwangu?

Sana. Ule mlima nyuma ya stesheni unaitwa Stein na kuna njia ya kutembea katikati ya mizabibu, Stein-Wein-Pfad, kama kilomita 4 hivi, mabango njiani yanaeleza udongo na aina za zabibu. Mandhari ni ya bure. Juu hakuna kivuli, mwezi wa saba beba maji na kofia, kuna joto huku watu hawaamini.

Mvinyo wao unaingia kwenye chupa bapa ya mviringo, Bocksbeutel, mi naiita kibuyu. Waulize juisi ya zabibu, Traubensaft, wanayo karibu kila mahali, tena tamu. Jambo nalolipenda ni kwamba mashamba makubwa mengine ni ya hospitali: Juliusspital, iliyoanzishwa 1576, na Bürgerspital ya karne ya 14, mvinyo ndo uligharamia wagonjwa na wazee, na mpaka leo taasisi hizo zipo.

Chakula? Halali? Nguruwe?

Soseji nyingi ni za nguruwe, uliza kila mara. Döner na migahawa ya Waturuki ipo, misikiti ipo pia. Lakini we mtu wa Kanda ya Ziwa, agiza Meefischli. Ni dagaa. Samaki wadogo wa kukaanga, unakula kuanzia kichwa mpaka mkia kwa mkono, na wenyeji wanasema samaki asizidi urefu wa kidole kidogo cha sanamu ya Kilian pale darajani. Nilipowekewa sahani mara ya kwanza nilitafuta ugali kwa macho.

Eti kuna uhusiano na Mwanza?

Upo, tena wa zamani. Würzburg na Mwanza ni miji rafiki tangu 1966. Na kuna ukaribu wa kitabibu, taasisi ya madaktari wa kimisionari ya hapa pamoja na chuo kikuu vina ushirikiano wa miaka mingi na hospitali ya Bugando ya Mwanza, kwa hiyo usishangae mzee wa Kijerumani kwenye tramu akikusalimia "habari za asubuhi", huyo alishafanya kazi Rock City, yaani Mwanza. Limewahi kunitokea, tukapitiliza kituo tukibishana kama sato ni mtamu kuliko sangara.

Kuna pia Africa Festival, ilianza 1989, ikifanyika kando ya mto mwishoni mwa Mei au Juni. Kabla hujapanga safari kwa ajili yake hakikisha kama mwaka wako ipo na tarehe zake.

Mtoto wangu anasoma sayansi, kuna nini cha kumwonyesha?

Eksirei iligunduliwa hapa! Wilhelm Conrad Röntgen, tarehe 8 Novemba 1895, kwenye maabara yake ya chuo kikuu, na 1901 akapata Nobel ya fizikia ya kwanza kabisa. Chumba kipo mtaa wa Röntgenring karibu na stesheni, hakuna kiingilio, ila nenda siku za kazi. Na kama mtoto ni wa basketi mwambie Dirk Nowitzki amezaliwa mji huu.

Mwezi gani mzuri?

Mei, Juni, Septemba. Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, siku haiishi. Septemba ni mavuno ya zabibu. Desemba kuna soko la Krismasi ila saa kumi na nusu giza limeanza kuingia na baridi ni ya kweli, nunua koti hukuhuku, la kwetu la mvua halitakusaidia.

Viza na hela?

Watanzania na Wakenya mnahitaji viza ya Schengen, ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Omba mapema, mnaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla. Hela taslimu beba kidogo, vyoo vya umma vinataka sarafu na migahawa mingine midogo haichukui kadi. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 za dhamana, rudisha supamaketi kwenye mashine. Na Jumapili maduka yamefungwa, karibu yote, kwa hiyo kama unakuja Jumamosi jioni na mtoto mchanga nunua nepi kabla hujapanda treni.

Viatu gani?

Raba. Mawe ya mjini yanavunja visigino, nimeshamshika mkono dada mmoja kutoka darajani mpaka hotelini akiwa peku, viatu mkononi, na alikuwa amependeza kweli.